Rangi ya Kucha kwenye Bolti

"Umemuua kaka yangu, Dell, halafu unakuja kunywa kahawa yetu!"

"Mimi? Kirsa, mimi ndiye niliyemchimbua thelujini kwa mikono hii!"

"Jumamosi ulimwambia nini pale baa? Sema, polisi huyu hapa!"

"Nilimwambia mlima utamnyoosha. Utani tu, jamani! Wewe mwenyewe umeniambia hivyo mara ngapi?"

Inspekta Thea Brandvold hakuwatenganisha. Alikuwa amechuchumaa gerejini kwa akina Rusk, mbele ya pikipiki ya theluji iliyoteremshwa mlimani asubuhi ile. Mwenyewe, Colter Rusk, alikutwa jana chini ya mteremko, amebanwa kati ya mashine na msonobari. Daktari wa polisi alisema kifua kilipondeka. Mji mzima ulisema ajali.

"Dell," inspekta aliita. "Wewe ndiye fundi wake. Njoo uangalie ski."

Dell aliinama kwenye ski mbili za mbele, zinazoteleza mahali pa magurudumu. Sauti ikamshuka.

"Nafasi kati yake imepanuliwa."

"Kwa hiyo?"

"Mlimani tunazibana, ili mashine ilale ubavu na ikate mteremko. Ukizipanua haikubali kuinama. Inakupeleka chini tu." Aligusa washa, vile vipete vinene vya chuma vinavyovaliwa na bolti. "Hizi hukaa upande wa ndani. Mtu amezihamishia nje."

"Mtu nani? Ulikuwa hapa wiki nzima."

"Angalia alama, inspekta. Mimi napaka njano."

Inspekta alijua desturi hiyo. Anayekaza bolti ya ski huchora mstari wa rangi kupita juu ya nati na bolti. Bolti ikilegea, mstari unakatika. Mstari huu haukuwa umekatika. Ulikuwa mpya, wa waridi, unang'aa kama kucha iliyopakwa rangi.

Kirsa aliuona. Akaacha kufoka. Akageuka kuelekea mlango wa jikoni, alikosimama mama yake, Lorna, na birika mkononi. Tangu jana mama huyo hakuwa amelia.

"Mama?"

"Kahawa imepoa," Lorna alisema.

"Bi Rusk, chupa ya rangi hii iko wapi?"

"Droo ya spana. Ile ya juu."

"Uliipaka lini?"

"Ijumaa usiku. Colter amelala."

"Kwa nini?"

"Mashine ilimlalia mara mbili Januari. Mara ya pili ikamvunja mtulinga. Yangu ni pana, haijawahi kunilalia."

"Yako unaiendesha wapi?"

"Barabarani. Kwenye tambarare."

"Hukumwambia?"

"Angezirudisha." Alilitazama birika. "Nilidhani akiona inakataa, atageuza arudi."

"Na bado ukaweka alama."

"Siachi bolti bila alama, inspekta. Mtu anaweza kuumia."

Dell aliketi juu ya dumu la mafuta. Kirsa alimwangalia mara moja, akaokota kofia yake ya chuma sakafuni na kuishika tu.

"Itabidi twende pamoja ofisini, Bi Rusk. Utoe maelezo."

"Najua."

Lorna hakwenda kuchukua koti. Alikuwa akiitazama mashine ya binti yake kando ya ukuta, imejazwa mafuta, tayari. Mchana huo wenzake Colter walikuwa wanapanda hadi kwenye ule msonobari kumuaga, na Kirsa alikuwa aongoze.

"Ya Kirsa pia niliipanua," alisema. "Usiku uleule."

Inspekta alikuwa ameshatoa pingu. Alizirudisha mfukoni, akachukua taa ya mezani na kuimulikia mashine ya Kirsa.

Lorna aliweka birika chini, akavuta droo, akatoa spana. Bila kuambiwa, Kirsa aliinua pua ya mashine. Mama alifungua bolti, akahamishia washa ndani, akakaza mpaka chuma kikalia. Upande wa pili vilevile. Kisha akafungua kichupa, akachora mistari miwili ya waridi.

"Usiiguse mpaka ikauke," alimwambia binti yake.

Akavaa koti, akatangulia kwenye gari la polisi.