Seli za Damu Yake

Kichupa cha kulinganisha kilizima jeni ya maumivu ndani ya seli, na hilo halikupaswa kutokea. Kilikuwa kimetiwa dawa isiyolenga jeni yoyote, ili vichupa vinavyoinyamazisha jeni hiyo vipimwe dhidi yake. Fundi wa maabara, ambaye wenzake walimwita Bi Vipimo, alirudia jaribio mara tatu. Katika sahani zote za seli, jeni ilikuwa kimya. Na ndani ya kabati safi, ambamo hata manukato ni mwiko, mlinuka kafuri, kama chumba cha kuoshea maiti.

"Bi Vipimo, leo vipimo vimekugomea?" mkuu wake alimtania.

"Wapi! Mashine tu imeamka vibaya."

Kosa lake alilijua. Seli za utafiti zilipoliwa na kuvu, alijitoa damu kwa siri akaotesha seli zake mwenyewe, jambo lililokatazwa. Naye alikuwa na mimba ya miezi mitano, baada ya mbili kuharibika.

Jioni alishika sufuria ya moto kwa mikono mitupu. Malengelenge yalitoka, hakuhisi. Akaweka kiganja tumboni, akingoja teke la mwanawe kama aliyefunga saumu angojavyo magharibi. Aliiona ngozi ikicheza, ila ndani hakuhisi chochote. Hata huzuni haikuja.

Siku zilivyosonga, kila alipofungua kabati la kuoteshea seli alisikia humo ndani sauti yake mwenyewe ikiimba bembelezo, polepole, kwa upendo ambao yeye hakuwa nao tena, na alisimama akiisikiliza mpaka vidole vikafa ganzi, asiogope, asikimbie, asimwombe Mola wake lolote.

Hatimaye mumewe alimshika mkono akampeleka kwa mjomba wa mke, msomaji wa dua, naye mke akamsimulia yote.

"Mjomba, mbona unatetemeka?" alimuuliza.

"Natetemeka kwa sababu wewe hutetemeki, mwanangu. Maumivu ni mlinzi aliyewekwa na Muumba mlangoni. Umemlaza, na nyumba isiyo na mlinzi haikosi mpangaji. Kamwage ulichootesha, kisha urudi."

Alimwagia sahani zote klorini, akarudi. Mjomba alisoma hadi koo likamkauka.

"Utamtoka kwa njia gani?" alimuuliza jini aliyemwingia mwanamke.

"Nitatoka na atakayetoka," kinywa chake kilijibu kwa sauti nzito isiyo yake.

Ghafla mwanamke alipiga yowe kwa sauti yake mwenyewe. Viganja viliwaka, mgongo ukauma, na katikati ya uchungu ule tumbo likashtuka.

"Amenipiga teke! Mjomba, amenipiga!" Alilia huku akicheka, nao wakamhimidi Mwenyezi.

Miezi minne baadaye, mchana kweupe, alijifungua mtoto wa kike. Mkunga alimfuta, akamsugua mgongo, akampiga nyayo. Mtoto alipumua vyema, macho wazi, asilie. Mkunga akamchoma sindano ya chanjo pajani, wala hakushtuka.

"Mpole huyu," mkunga alinong'ona, akirudi nyuma hatua moja.

Mtoto aliitazama sindano, kisha akamtazama mamaye kwa utulivu wa mtu mzima. Katika chumba kizima, aliyelia ni mama peke yake.