Anwani Iliyobaki Nyuma

Kila siku akitoka shule, binti wa dobi alibadili sare, akala, kisha akaenda dukani kwa mama yake kukunja mashuka. Nyumbani na mtaani walimwita Upesi, na jina lilimkaa sawasawa. Alikunja upesi, akafagia upesi, na vumbi la pembeni akaliachia kesho. Mama akiwa bado anapiga pasi, mvuke umejaa chumba kizima, Upesi alikuwa ameshaegemea meza ya mbele akimtazama dada yake anavyobofya kompyuta.

Dada alikuwa amemaliza chuo na kazi hajapata. Basi akaamua kumtengenezea mama barua pepe za kuwatumia wateja: moja ya kuwakaribisha, nyingine ya kuwaambia nguo ziko tayari, nyingine ya kuwakumbusha waliosahau nguo zao. Jina la duka, rangi yake ya buluu, anwani na nambari ya simu aliviweka mahali pamoja kwenye kompyuta, akapaita ghala. Ndani ya barua hakuandika anwani yenyewe. Aliandika neno "anwani" ndani ya mabano, na kompyuta ikaenda ghalani kuichota. Kitu kikibadilika, unakibadilisha ghalani mara moja tu, na barua zote zinafuata.

Siku moja Dada akampa Upesi aandae ile barua ya nguo ziko tayari. Upesi alifurahi mpaka akawaringia wenzake shuleni. Lakini alisahau bano moja, na pale penye anwani pakabaki patupu. Nje wenzake walikuwa wakimwita mpirani. Akaona ya nini kujisumbua kutafuta kosa, akaiandika anwani yenyewe kwa mkono, na barua ikatokea vilevile kama zile za Dada. Nani angejua?

"Umechota ghalani?" Dada aliuliza.

"Ndiyo," Upesi alijibu, mguu mmoja ukiwa tayari nje.

Haukupita muda mrefu, mwenye nyumba akataka chumba chake, na duka likahamia nyuma ya zahanati, ukuta kwa ukuta na mwoka mikate. Dada alibadilisha anwani ghalani mbele ya jirani huyo mpya, akamwonyesha barua ya makaribisho ikijirekebisha yenyewe. Mwoka mikate alivutiwa. Akasema angempa Dada kazi ya kuandaa barua zake zote, za mikate na za keki, amlipe kila mwezi. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya kwanza ya Dada, na jioni ile alikuwa akitabasamu peke yake huku anaosha vyombo.

Jumamosi iliyofuata, muuguzi mstaafu aliyekuwa mteja wao wa siku nyingi aliingia akihema, akaketi bila kungoja kukaribishwa. Alikuwa amekwenda kwenye duka la zamani, akakuta kufuli, akazunguka akiuliza mpaka miguu ikamuuma.

"Nikasema basi, dobi kahama na koti langu," alisema, akamsogezea Mama simu yake. Barua ya nguo ziko tayari ilikuwa na anwani ya zamani.

Mwoka mikate alikuwa papo hapo, amekuja kuchukua aproni zake.

Mama alimwomba radhi muuguzi, kisha akamgeukia Dada. "Uliniambia ukibadilisha mara moja inatosha. Nimekukabidhi wateja wangu, nawe unaniaibisha mbele ya watu wazima?"

Dada alifungua ghala. Anwani mpya ilikuwepo. Akatazama tena, machozi yakimlengalenga, akasema polepole kwamba huenda amekosea mahali. Mwoka mikate alikunja aproni zake, akasema ile kazi waiache kwanza, watazungumza siku nyingine.

Upesi alisimama nyuma yao, shuka mkononi, uso ukimwaka moto. Alijua kosa lilipo. Angeulizwa, labda angesema. Lakini hakuna aliyemuuliza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Dada alikuwa akitafuta kosa ghalani na kwenye kazi yake mwenyewe, wala hakuifungua barua ya Upesi, kwa kuwa alishaambiwa kwamba imechota ghalani. Mwoka mikate alikuwa ameshafika mlangoni.

"Ni mimi," Upesi alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Dada hajakosea. Niliandika kwa mkono, halafu nikamdanganya kwamba nimechota ghalani."

Upesi aliketi kwenye kompyuta mbele yao wote, akafuta ile anwani, akaandika neno lake na mabano yote mawili. Anwani mpya ikatokea. Dada alifuta macho, akaijaribu rangi ghalani, na barua zote tatu zikageuka kijani kwa pamoja. Mwoka mikate alirudi kutazama. Akasema atamjaribu Dada kwa mwezi mmoja. Upesi alimsindikiza muuguzi hadi nyumbani kwake, koti amelibeba yeye.

Baada ya wiki, Dada alimpa barua nyingine. Safari hii Upesi hakukimbilia mpirani. Alihakiki kila bano, kisha akangoja aulizwe. Dada hakuuliza. Alivuta kompyuta, akaanza kuikagua barua mwenyewe, mstari kwa mstari.

Upesi alimfuata Mama kwenye meza ya pasi, kichwa chini, akamwambia kwamba safari hii hata hakuulizwa. Mama aliiweka pasi kando.

"Mwanangu, ile anwani uliirekebisha kwa dakika moja. Kukosea kazi si ajabu. Ukikosea sema, tutakusaidia. Lakini dada yako alikuwa akikuuliza, na jibu lako likimtosha. Ukamdanganya, sasa halimtoshi tena, lazima aone kwa macho yake. Usimnunie. Fanya kazi yako vizuri na useme kweli. Ipo siku atakuuliza tena."

Upesi alirudi mezani, akasimama kando ya Dada, akangoja mpaka dada yake alipofika mstari wa mwisho.