Nguo Isiyo na Mlango

Jua lilikuwa linazama juu ya malori yaliyopanga foleni pale mpakani Busia, na Akwi alikuwa bado barazani na cherehani yake, akimsubiri mteja mmoja tu.

Mteja huyo, mama mmoja mgeni, alikuwa amekuja Jumatatu na kitambaa chekundu chenye harufu ya matope. Akasema ametoka Keluma, nchi iliyo chini ya mwamba wa Tororo. Akwi alidhani ni utani.

"Kwetu watu wa bondeni huvaa nguo za mikono mitatu," yule mama alimweleza. "Wa mlimani hufunika uso kwa kola. Lakini bibi harusi huvaa nguo isiyo na zipu wala kifungo. Nishonee hiyo. Ila fundi, usimjaribishe mtu yeyote."

Akwi alikubali. Lakini tusidanganyane, fundi na kiburi ni chanda na pete! Tangu aanze kushona, hakuna gauni la gomesi wala sare ya kwaya iliyotoka kwake bila kujaribiwa mwilini. Jioni hiyo, nguo ikiwa tayari, akamwita Agwang, mdogo wake, ambaye vipimo vya bibi harusi vilimkaa sawasawa.

"Vaa mara moja tu, nione mabega."

"Dada, si alikukataza?"

"Kwani atajuaje?"

Agwang akaipitisha kichwani huku akicheka. Ikateremka vizuri mno.

Halafu... krrr.

Pindo likajifunga. Shingo ikajifunga. Nyuzi zikaingia kwenye nyama, zikatoka, zikaingia tena. Agwang akapiga ukelele. Nguo ikambana, na Akwi akasikia ubavu ukivunjika.

"Dada, nitoe! Nakufa!"

Akwi akanyakua mkasi. Akakata kitambaa, damu ikamrukia usoni. Kila alipokata, ngozi ya Agwang ilipasuka papo hapo. Alikata huku akilia, maana kuacha ilikuwa kumuua.

"Usikate..." sauti ikanong'ona mgongoni mwake. "Aliyevaa ameolewa."

Yule mama.

Akwi akageuka, akamchoma mkasi kifuani kwa nguvu zote. Ukazama bila kugusa mfupa. Akachana nguo ya mama huyo. Chini yake kulikuwa na nyingine, ya mikono mitatu. Akaichana. Chini yake nyingine, ya kola ndefu. Hasira ilimpanda, akachana, akachana, mpaka ya mwisho: gomesi ya kijani. Akaitambua mishono yake mwenyewe. Ndiyo aliyomshonea Atai, msichana wa kijiji cha Molo aliyepotea mwaka jana, wiki ya harusi yake.

Ndani ya gomesi hamkuwa na mtu.

Matambara yote yakaanguka sakafuni. Nguo ya Agwang ikalegea, Akwi akaivua na kumbeba mbiombio hadi barabarani.

Hospitalini, Agwang alikuwa hai. Mungu mkubwa! Akwi alipiga magoti pale pale akashukuru. Daktari akasema mbavu zitaunga, na vidonda vimeshonwa vizuri sana.

"Nani alimshona kabla hamjafika?"

Akwi alikuwa amekata tu.

Agwang akafumbua macho. Akamshika dada yake mkono, akatabasamu kama mtu aliyelala vizuri.

"Dada," akanong'ona, "nenda ukafagie ua. Wakwe zangu wako njiani na ng'ombe wa mahari."