Sauti Nyuma ya Maporomoko

Jioni hiyo ya mwaka 1954 nilikuwa natoka kukagua mipaka ya msitu, milimani juu ya Maramba. Nilikuwa mlinzi wa msitu, na nguvu zilikuwa zimeniisha. Njiani nikamkuta mwanamke amekaa juu ya gogo.

"Naitwa Yudith," alisema. "Mume wangu, Ernesti, alipotelea msituni humu, karibu na maporomoko ya maji, akipasua mbao. Nipeleke hapo, kaka. Nimuage tu."

Nilitaka kukataa. Lakini alikuwa ametembea kutwa nzima kutoka kambi ya mkonge. Nikamwongoza.

Mbega walikuwa wakirukaruka juu ya miti. Tulipoyakaribia maji, wakanyamaza wote kwa mpigo. Ikaja harufu ya mbao mbichi, kama iliyopasuliwa sasa hivi.

Hapakuwa na mtu.

Yudith akasimama ukingoni. "Ernesti..." aliita kwa sauti ndogo.

Maji yaliendelea kuanguka.

Kisha, nyuma ya maji, mtu akakohoa.

"Yudith... Elizabeti yuko nami. Hajambo."

Yudith akaanza kuingia majini. Nikamkamata kiunoni, nikamvuta. Hakupiga kelele. Alikuwa mzito, kana kwamba kuna mwingine anamvuta upande wa pili.

Ndipo ile sauti ikanigeukia mimi. Kwa upole.

"Nawe umechoka, Methusela. Kaa."

Sikuwa nimemtajia Yudith jina langu.

Nikajikuta nakaa. Nilianguka naye, bahati njema tukaangukia njiani. Tukatambaa mpaka sauti ikamezwa na maji.

Kambini kwetu Mzee Mselem, mlinzi mwenzangu, alitukokea moto.

"Pale pana pepo," alinong'ona. "Hana sauti yake. Huazima za wafu."

"Na majina huyatoa wapi?"

Akaongeza kuni.

Baadaye Yudith aliniuliza bila kunitazama, "Elizabeti wangu alikufa siku aliyozaliwa. Jina lake tulilijua wawili tu, mimi na Ernesti. Nawe umelisikia?"

Ningesema kweli, angerudi kule majini asubuhi.

"Nilisikia maji tu, dada."

Aliinamisha kichwa. "Basi akili yangu imeharibika."

Nikamwacha aamini hivyo. Kulipokucha nilimsindikiza hadi barabarani. Alikwenda zake bila kuniaga.

Nilidumu kazini mwaka mmoja zaidi, wala sikupita tena upande ule. Kuitwa jina ningeweza kustahimili. Nilichoogopa ni kwamba nikiambiwa tena nikae, nitakaa.