Injini ya Pili

Kila asubuhi, huko Ilemela kando ya ziwa, Shaibu alipigilia mbao za boti. Mkewe Mastura alimfuata nyuma, akishindilia pamba penye mianya ili maji yasipite. Kwa miaka mingi walitengeneza boti za watu. Hii ilikuwa yao wenyewe, ya kubeba abiria kwenda kisiwani Ukerewe.

Injini tu ndizo zilizokosekana. Waliagiza mbili kutoka nje, moja ya kuendeshea na moja ya akiba. Maofisa wa forodha wakazizuia, wakidai ushuru haukulipwa sawasawa. Shauri likapelekwa kwenye baraza linaloamua migogoro ya forodha. Wakashinda! Siku hiyo Mastura alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Lakini Shaibu alipokwenda kwenye ghala la forodha na hukumu, alirudi na injini moja.

"Na nyingine?" Mastura aliuliza.

"Mtunza ghala kanionyesha mwisho wa hukumu. Amri inasema iachiwe injini moja. Hawezi kutoa mbili."

Mastura akaisoma hukumu kwa kidole, pole pole. Katikati, baraza lilisema wazi kwamba injini zote mbili zililipiwa ushuru na zirudishwe. Mwishoni, kwenye amri, iliandikwa moja.

"Si wamekosea tu hawa? Nipe kalamu!"

Pale ufukweni ndivyo walivyozoea. Fundi na mteja wakiandikiana vibaya, hukata neno kwa mstari, huandika la kweli juu yake, hutia sahihi pembeni, basi, yameisha. Mastura alishafungua kalamu wakati jirani yao Modesta, wakili, alipoingia uani. Mtaani walimwita Mama Obedi.

"Shikamoo, Mama Obedi."

"Marahaba. Unaandika nini hapo?"

Akaelezwa. Akamnyang'anya kalamu.

"Weee! Unataka kulala ndani? Kubadilisha amri ya baraza kwa mkono wako ni kughushi, hata kama unachoandika ni kweli. Kosa lisahihishwe na baraza lenyewe."

"Basi tukate rufaa," alisema Mastura.

"Rufaa ya nini, Mama Nusrat, na umeshinda? Rufaa ni pale unapoona wameamua vibaya. Hawa wameamua vizuri, wameteleza kwenye kuandika. Mnarudi kwa baraza lile lile, mnaomba lisahihishe."

Shaibu akatikisa kichwa. "Mimi siendi. Mkubwa ukimwambia amekosea, anakunyang'anya hata kile alichokupa. Tufunge hii moja, tuanze kazi."

Jamani, kuna watu wanaogopa karatasi kuliko mamba! Lakini Mastura hakumcheka. Hata yeye aliogopa. Aliogopa zaidi, hata hivyo, injini moja kuzimika katikati ya ziwa, mawimbi yamechafuka, na watoto wa watu wamo ndani.

"Baba Nusrat, abiria hawapandi humu kwa injini moja. Sikubali."

Shaibu akamgeukia jirani. Kisha akauliza, "Mama Obedi, hawatakasirika?"

"Wakasirike kwa nini? Nao ni binadamu. Kuomba kwa adabu si ugomvi."

Mastura akachangamka. "Basi tuombe na fidia, wametuchelewesha sana!"

"Hapo hapana. Hilo hamkulidai kwenye shauri. Kusahihisha si kuanza kesi upya. Linalosahihishwa ni kosa ambalo kila mtu akisoma hukumu analiona, bila kubishana. Na msilaze damu. Kila baraza lina muda wake wa kupokea maombi. Kesho nendeni mkaulize masjala."

Wakaenda. Kwa msaada wa Mama Obedi wakaandika ombi fupi. Walionyesha palipoandikwa mbili na palipoandikwa moja. Wakaambatanisha hukumu, na nakala wakawapa watu wa forodha ili nao wajibu.

Siku ya kusikilizwa, Shaibu alikaa nyuma ya mkewe. Mwenyekiti wa baraza alisoma sehemu zote mbili, akamgeukia wakili wa forodha.

"Mna pingamizi?"

"Hatuna, Mheshimiwa. Injini zilikuwa mbili."

"Basi kosa ni letu," alisema mwenyekiti. "Mmefanya vema kurudi."

Shaibu alitazama chini. Hakuwahi kusikia mkubwa akisema hivyo.

Kwa amri iliyosahihishwa, mtunza ghala alitoa injini ya pili bila neno. Walipozifunga zote, Shaibu na Mastura waliingia ziwani wawili tu, kuijaribu boti. Ilemela ilipobaki mbali nyuma yao, injini ya kwanza ikakohoa, ikazimika. Shaibu akavuta kamba, akavuta tena. Kimya. Upepo ukaanza kuisukuma boti pembeni.

Shaibu alitazama mabenchi matupu.

"Mama Nusrat," alisema, "ningewaleta watu hapa."

Mastura aliinuka. Alisogea nyuma, akavuta kamba ya injini ya pili. Ikawaka.