Barua za Kidoti

Kila Jumamosi Kalamu alimsaidia mama yake kufua nguo za watu. Mama alifua, yeye akasuuza na kuanika, mpaka kamba za uani zikajaa mashati na mashuka yasiyo yao. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri.

Jumamosi ile kazi ilipokwisha, mama alijifuta mikono. "Mwandikie babu," alisema bila kumtazama.

Babu huyo hawakuwahi kumwona. Alikuwa dereva wa basi mstaafu katika nchi ya mbali, na kupitia shirika moja alimfadhili Kidoti, mdogo wake Kalamu. Msaada wake ulitosha ada za watoto wote wawili. Lakini Kidoti alikuwa amefariki miezi minne iliyopita. Homa ilimshika Jumatatu, wakangoja ipungue yenyewe. Alhamisi walipomfikisha hospitali, maji yalikuwa yamezidi unga. Wakamzika kimyakimya, na shirika halikuambiwa.

Kalamu aliishika peni kwa mkono wa kushoto ili herufi zipinde kama za mtoto wa miaka saba. "Babu, mimi sijambo," aliandika. "Jino langu la mbele limeng'oka." Chozi likadondoka kwenye karatasi, ikabidi aanze upya.

"Mama, tutaandika hivi mpaka lini?"

"Mpaka umalize shule. Tukisema, msaada unakatwa. Nimeshazika mtoto, sasa nizike na masomo yako?"

Wiki iliyofuata habari zikaja kwamba afisa wa shirika angefika kumpiga Kidoti picha mpya. Mama alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe akaenda kwa jirani, fundi cherehani, akamwazima binti yake wa miaka saba. Akamvika sare ya marehemu, kisha akamchorea kwa peni doa jeusi shavuni, palepale Kidoti alipokuwa na doa lililompa jina. Kalamu alitazama, kisha akageuza uso.

Afisa, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kumwona Kidoti, aliingia uani jasho likimtiririka, kamera shingoni.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Kidoti," mtoto alijibu kama alivyofundishwa.

"Babu yako anaumwa sana. Anataka picha yako iwe karibu na kitanda chake. Anasema kicheko chako ndiyo dawa yake. Haya, cheka tukuone."

Mtoto akacheka.

"Shangazi, usimpige picha!" Kalamu alipaza sauti. "Huyu siye. Mdogo wangu alikufa."

Mama alimgeukia mkono ukiwa juu, lakini kofi halikuja. Aliketi chini katikati ya mabeseni, akaangua kilio. Kwa miezi minne hakuwa amethubutu kulia hivyo, asije akasikika.

Afisa akaketi kando yake. "Pole, dada. Ungetuambia, tungekuja tulie nawe." Kisha akasema, "Sitakudanganya. Msaada wa Kidoti umekwisha. Jina la huyu mkubwa nitaliandika, ila mbele yake wapo watoto wengi. Siwezi kuahidi."

Mwezi mmoja baadaye afisa alirudi na jibu la babu, lenye herufi za mkono unaotetemeka: "Nimemlilia mjukuu wangu. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nikicheka wakati ninyi mnalia. Naomba nafasi yake apewe mtoto anayefuata."

Mtoto huyo alikuwa wa mtaa ambao Kalamu hakuujua. Mwalimu mkuu alimruhusu Kalamu amalize muhula. Baada ya hapo, hakuna aliyejua.

"Ningenyamaza, ningesoma," Kalamu alisema huku akilia. "Nimetuponza, mama."

"Aliyetuponza ni mimi," mama alijibu, akamvuta karibu. "Niliingoja homa badala ya kukimbilia hospitali. Kisha nikamfanya mwanangu aendelee kucheka kwenye karatasi, hata nikajinyima kumlilia. Mtu anayekusaidia kwa moyo mweupe humlipi kwa uongo, hata ukiwa na njaa. Na nafasi ile tuliyoikalia, Kalamu, kulikuwa na mtoto akiisubiri. Naye ana mama."