Kopo la Kokwa

Haya yalimkuta rafiki yangu Muatasim wa Bawshar.

Shemeji yake, Musallam, ana shamba Al Amerat, kalizungushia waya na kufuga paa. Siku hiyo alimwita Muatasim akachukue nyama ya karamu.

"Kuwinda paa wa jangwani marufuku," Musallam alijitapa, bunduki begani. "Hawa wangu. Njoo uone mawindo."

Mawindo gani! Alitikisa kopo la kokwa za tende, chaka-chaka-chaka, kama mtu anayeita kuku wake. Paa jike akaja mbio, akafungua mdomo, akaanza kula kiganjani mwake. Musallam akamwekea mtutu kifuani, akampiga, akamchinja, huku anacheka.

"Wa jangwani angekukimbia," Muatasim alimwambia. Musallam akamtilia na kichwa, cha supu.

Alasiri, nyumbani, Muatasim aliuweka mfuko wa nyama stoo. Stoo haina dirisha, na taa imeungua. Kichwa alikiweka kwenye sinia, akakigeuzia ukutani asiyaone yale macho. Akafunga mlango.

Jikoni, mkewe Zakiya alikuwa akitoa tende kokwa na kuzitupa koponi. Ka. Ka. Ka.

Stoo kukasikika kwato juu ya vigae, mbio, zikasimama nyuma ya mlango.

"Umeniletea mnyama hai?" Zakiya aliuliza.

Muatasim akafungua, akamulika kwa simu. Mfuko wa nyama ulikuwa pale pale, umefungwa. Kichwa kilikuwa kizingitini, kimewaelekea, mdomo wazi.